Malezi ya Nyumbani: Mifano ya Meli na Eropleni



Liko swali linalozungushwa barazani hapa kwetu Ngonga tangu mavuno ya mpunga, nalo ni hili: je, yafaa mtoto wa Kiislamu kuketi kutwa akiunganisha vipande vya plastiki mpaka viwe meli au eropleni, kisha akavipaka rangi na kuviweka juu ya kabati vitazamwe? Wako wasemao kuwa ni upuuzi, wako wasemao kuwa ni sanamu, na wako wasiosema neno ila hucheka. Sisi twaona jambo hili lastahili kutazamwa kwa utulivu, maana limekwisha kukaribia kuvunja nyumba moja ya jirani zetu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana wa miaka 14 aliletewa na mjomba wake, ambaye ni baharia, sanduku la karatasi ngumu lenye picha ya eropleni ya vita. Ndani yake mna vipande vya plastiki ya kijivu, vimeshikamana na fremu yao mfano wa matunda na kikonyo chake. Kijana akashughulika navyo siku nne. Siku ya tano bibi yake akachungulia ndani ya eropleni ile, akaona mtu mdogo ameketi, akapiga kelele kwamba sanamu imeingia nyumbani. Baba akataka kuitia motoni. Mama akaizuia kwa mikono miwili, akisema kwamba tangu sanduku lile lifike mwanawe hajaonekana tena kwenye mashine za kamari kule njiani. Baba akajibu kwamba Alasiri mbili zimempita kijana huyo akiwa na gundi vidoleni. Neno likazaa neno, hata mama akafunga mzigo wake aende kwao. Ndipo wazee walipowaleta kwetu.

Tulianza na lililo zito. Hukumu ya kuchonga na kuchora sura za vyenye roho yajulikana, na wanavyuoni wameieleza kwa urefu. Lakini Ibn Abbas r.a., alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa katika kuchora, baada ya kumwonya alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Eropleni haina roho, wala meli haina, wala trekta halina. Na katika vitu vya kuchezea watoto, imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume s.a.w. aliwaona wanasesere wa Bibi Aisha r.a., na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za matambara. Alipouliza habari ya mbawa zile, Bibi Aisha akamjibu kwa kumtaja Nabii Suleiman na farasi wake wenye mbawa, naye Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Kwa ajili ya hayo wanavyuoni wengi wameviruhusu vitu vya kuchezea watoto. Wako waliokaza zaidi, nasi twawaheshimu. Kwa mwenye shaka dawa ni nyepesi: rubani asigandishwe. Kwa kipimo cha 1 kwa 72, mtu wa mita 1.70 huwa na urefu wa sentimita 2.4 tu. Akiachwa nje, kiti kitabaki kitupu na eropleni haitapungukiwa kitu.

Hivyo ndivyo tulivyoamua, na mama akafungua mzigo wake. Baba alipewa haki yake pia katika habari ya sala, nayo tutaitaja. Ama kuitia plastiki motoni, hilo tulilikataa hata kama ingalikuwa sanamu kweli, kwani moshi wake mweusi ni sumu kwa vifua vya waliomo nyumbani.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana wengi huilaumu bila kuijua. Huko Uingereza kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria, ilikuwa ikitengeneza vitu vya kuchezea vya kujazwa hewa, na baadaye vichana. Mwaka 1949 ikatengeneza mfano mdogo wa trekta la Ferguson, ili mawakala wa trekta hilo wapate kuwaonyesha wanunuzi. Kuliunganisha kukawa na taabu, ndipo likauzwa kwa vipande, kila mtu ajiunganishie mwenyewe. Huko Shizuoka, katika Japani, kampuni ya Tamiya ilianza na biashara ya mbao, ikaunda mifano ya meli kwa mbao hizo, kisha ikaingia katika plastiki mwaka 1960. Basi asili yake si uchawi wala si ibada ya mtu yeyote. Ni biashara ya watu wa viwanda.

Na sisi watu wa Ziwa Nyasa tungestahili kuwa wa mwisho kushangaa, kwa sababu meli za zamani za ziwa letu zilikuja vivi hivi, kwa vipande. Ilala, meli ndogo ya wamisionari wa Kiskoti, ilifunguliwa ikachukuliwa vichwani na mamia ya wapagazi kupita maporomoko ya mto Shire, ikaunganishwa tena na kuingia ziwani mwaka 1875. Chauncy Maples nayo iliundwa Glasgow, ikafunguliwa na kusafirishwa kwa vifurushi zaidi ya 3,000, na birika lake la mvuke, chuma cha tani 11, likakokotwa nchi kavu na mamia ya watu kwa kamba. Ikashushwa majini mwaka 1901. Wapagazi wale majina yao hayakuandikwa kwenye ubavu wa meli yoyote, nasi twaona hiyo ni dhuluma ndogo ya historia ambayo walimu wa shule wangeweza kuitengeneza kwa kuitaja tu darasani.

Wenzetu wa Ziwa Tanganyika wana kisa kikubwa zaidi. Meli ya Kijerumani Goetzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa gari la moshi. Ilishushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wasiwaachie adui, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Fundi aliyepoteza kipande kimoja pale Kigoma hakuwa na duka la kukimbilia. Kijana aketiye na sanduku lake na kusoma karatasi ya maelezo, namba kwa namba, ajifunza adabu ile ile: kutotangulia namba ya tano kabla ya nne, na kutotupa fremu kabla ya kuhesabu. Na katika miaka hii ya karibuni MV Mbeya II imeundwa hapa hapa wilayani Kyela na mafundi wa kampuni ya Kitanzania. Mafundi hao nao walikuwa watoto siku moja.

Iko faida nyingine ambayo wengi hawaifikiri. Pwani ya Waswahili palikuwa na chombo kiitwacho mtepe, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilitoweka baharini katika karne iliyopita. Leo atakaye kuujua mtepe ulivyokuwa huenda katika makumbusho ya Lamu au Fort Jesus ya Mombasa, akatazame mifano yake midogo. Mkono wa mtu aliyeketi na kipande cha mti na kisu, huenda akidhani anajiburudisha tu, umehifadhi elimu ambayo bahari imeisahau.

Pamoja na hayo, wazazi wasilale. Gundi ya plastiki haishiki kama ulimbo. Huyeyusha kingo za vipande viwili hata vikawa kimoja, na kilicho na nguvu ya kuyeyusha plastiki si rafiki wa mapafu. Harufu yake hulevya. Sote twawajua watoto wa mijini wanaonusa gundi ya viatu, na hukumu ya kilevi haibadiliki kwa kuwa kimo katika kichupa badala ya mtungi. Basi kazi hii ifanywe barazani au dirisha likiwa wazi, mchana, mbali na koroboi na jiko, kwani gundi hiyo na mafuta ya kuchanganyia rangi hushika moto upesi. Wadogo wasiachiwe wembe. Tena fedha: asinunuliwe mtoto sanduku hali ada na daftari za ndugu zake hazijapatikana.

Katika sala, twamwambia kijana hivi: gundi yataka kuachwa ikauke, na rangi vile vile. Afadhali kupaka mara mbili au tatu kwa wepesi, kuacha kukauke kati ya mara na mara, kuliko kupaka mara moja kwa uzito ikachuruzika. Basi adhana iwe ndiyo saa ya kuacha. Baba wa kijana wetu ameweka sharti kwamba Alasiri ikipita mara moja, sanduku litakaa juu ya dari wiki nzima, nasi tumelikubali.

Huku kwetu hakuna duka liuzalo masanduku hayo, na si kila mtoto ana mjomba baharia. Lakini watoto wa Kyela wamekuwa wakiunda magari ya mabua na ya waya, yenye magurudumu ya ndala kuukuu, wala hakuna aliyewafundisha. Kinachowapungukia ni kipimo tu. Basi mzazi na ashuke na mwanawe ziwani, waombe ruhusa kwa mwenye mtumbwi, waupime kwa kamba urefu, upana na kina, na kuandika. Mtumbwi wa mita 6, kwa kipimo cha 1 kwa 20, utakuwa sentimita 30. Nao upana wake, kina na kafi vigawanywe kwa 20 hiyo hiyo, hata kiti cha mvuvi. Mti mwepesi usio na nyufa wafaa, na kisu kidogo, na msasa. Palipo na boksi la karatasi ngumu, gundi ya unga wa muhogo uliopikwa yatosha kushika mbavu za meli, lakini ikauke kivulini, kwa kuwa jua la kwetu huikunja karatasi. Rangi iwe ya maji. Na kabla ya kupaka, chombo cha mti kisuguliwe mpaka kidole kisihisi mkwaruzo, kisha kifutwe vumbi kwa kitambaa kibichi na kuachwa mpaka kesho yake.