Mlinzi Anayepimwa kwa Makusanyo

Makusanyo ya kodi hutangazwa nchini kwa shangwe. Lengo lilikuwa kiasi fulani, limevukwa, waliolivuka wanapongezwa. Hatuna ugomvi na hilo, maana hospitali na barabara hazijengwi kwa maneno. Lakini ofisa forodha wa Holili au Tarakea ana kazi nyingine isiyopangiwa lengo la mwezi wala kupigiwa makofi: kuzuia kisichopaswa kuvuka. Tumelitenga toleo hili kwa ajili ya mpaka wa Tanzania na Kenya unaouzunguka mlima wetu wa Kilimanjaro, na hoja yetu ni kwamba kazi hiyo haitafanyika ipasavyo maadamu utendaji wa forodha unapimwa kwa shilingi peke yake.

Kisheria jambo hili halina utata. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa forodha, akiwa kazini, mamlaka na kinga alizonazo askari polisi, na ina jedwali zima la bidhaa zilizopigwa marufuku au zenye masharti. Duniani nako mwelekeo ni huohuo. Shirika la Forodha Duniani lilipitisha viwango vyake vya usalama wa biashara, viitwavyo SAFE, mwaka 2005, na Desemba 2015, majuma machache baada ya mashambulizi ya Paris, likatoa azimio huko Punta Cana la kuzitaka forodha zote zijihesabu kuwa sehemu ya ulinzi wa taifa. Maazimio hayo yanasomeka vizuri. Kinachotushughulisha ni yanavyofika uwanjani Holili saa nne asubuhi, foleni ikiwa imeshapinda.

Chukua lori la mbolea. Wakala wa forodha ameshawasilisha kadhia, yaani tamko la mzigo, kwenye mfumo, nyaraka zimekamilika, na ushuru ni asilimia sifuri kwa kuwa mbolea ni pembejeo ya kilimo. Kwa jicho la mapato mzigo huo hauna kitu, na ofisa ana kila sababu ya kuupitisha upesi. Nyuma yake limesimama lori la viatu na vitenge. Hapo ndipo marobota yanafunguliwa, ankara inageuzwageuzwa, na thamani iliyoandikwa inabishaniwa hadi mchana, kwa sababu hapo ndipo fedha ilipo. Ofisa huyo si mzembe. Anafanya kile atakachoulizwa mwisho wa mwezi.

Sasa tazama orodha ya kemikali 14 ambazo Shirika la Forodha Duniani lilianza kuzifuatilia mwaka 2010 katika mpango wake wa kuzuia mabomu ya kutengenezwa mitaani. Ndani yake imo amonia nitrati, imo CAN, imo urea. Mkulima wa Kahe au Kibosho anazijua hizo mbili za mwisho kama mbolea za kukuzia, na kila msimu anazisubiri. Hatusemi zizuiwe, mwenye shamba la mahindi atatushangaa, na atakuwa na haki. Tunasema maswali ya kuuliza juu ya mzigo huo ni mengine kabisa: nani ameuagiza, amewahi kuuza pembejeo au ameibuka juzi, kiasi anachoagiza kinalingana na duka lake, na lori likishatoka Himo linashusha wapi. Hakuna hata moja kati ya maswali hayo linaloongeza shilingi kwenye makusanyo. Mfumo unaopima shilingi hautayauliza kwa bidii.

Hata hivyo tusiipe forodha uwezo isiokuwa nao. Agosti 7, 1998, balozi za Marekani mjini Dar es Salaam na Nairobi ziliposhambuliwa na watu zaidi ya 200 wakauawa, lori lililobeba bomu la Dar es Salaam na mitungi ya gesi iliyopakiwa ndani yake vilikuwa vimenunuliwa humohumo mjini. Novemba 28, 2002, makombora mawili yalirushwa Mombasa kuilenga ndege ya abiria ya Israeli, siku ileile hoteli ya Kikambala ilipolipuliwa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema makombora hayo yaliingia kwa njia ya bahari kutoka Somalia. Kimoja kilipatikana sokoni, kingine kilipita pembeni ya lango. Skana ya kisasa kuliko zote, ikiwa imefungwa getini, isingeona hata kimoja. Na tusisahau kwamba mmoja wa waliohukumiwa Nairobi mwaka 2019 kwa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, lililoua watu 148 Aprili 2015, alikuwa kijana wa Kitanzania. Tumezoea kutazama kinachoingia. Yeye alitoka kwetu.

Kinachoweza kuona pembeni ya lango ni watu, na hapa ndipo mlima wetu una habari yake. Mpaka huu ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukapindishwa ili Kilimanjaro ibaki upande mmoja na Taveta upande mwingine. Mstari unapita katikati ya maji ya Ziwa Chala na Ziwa Jipe. Rombo unapita kwenye mashamba, na koo zina wakwe ng'ambo. Februari 1977 Tanzania ilipoufunga mpaka, na Jumuiya ya kwanza ikavunjika mwaka huo, uhusiano huo haukufungika. Hadi mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, sabuni, sukari na mafuta ya kula viliingia usiku, kahawa ikatoka usiku. Njia za panya za Rombo zilichongwa na uhaba, na waliozipita walikuwa mama zetu na wajomba zetu. Anayezungumzia njia hizo leo kana kwamba zilianzishwa na wahalifu hajui anaongea na nani.

Wahalifu wamezikuta zipo, wakazitumia. Mirungi inapita humo, na humo hupitishwa vijana kutoka Ethiopia wanaopelekwa kusini na madalali wasiojali watafika hai au maiti. Mwenye nia mbaya zaidi ya hao naye hahitaji njia nyingine.

Siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, mama wa Rombo mwenye magunia matatu ya maharage ana uamuzi wa kufanya kabla hakujapambazuka. Sheria iko upande wake: bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani upo utaratibu rahisi wa cheti cha uasili, kinachojazwa palepale mpakani. Kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kimeondoa hata usumbufu wa kusimama mara mbili; anayekwenda Kenya anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Taveta. Lakini akishaambiwa mara moja tu kwamba karatasi fulani haipo, au aje kesho, au akiona bango la Kiingereza asilolielewa, safari inayofuata atamtafuta kijana wa bodaboda. Tangu siku hiyo naye anajificha. Akikutana gizani na watu asiowajua, wamebeba kitu asichokielewa, hatamwambia mtu, kwa kuwa swali la kwanza atakaloulizwa ni yeye alikuwa anatafuta nini huko.

Hasara hiyo haionekani kwenye hesabu yoyote. Sisi tunaiona kuwa kubwa kuliko ushuru wote wa magunia ya maharage. Na serikali zenyewe huichochea zinapobadilisha masharti ghafla. Machi 2021 Kenya iliposimamisha mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama mpakani. Amri kama hiyo, hata ikidumu siku chache, humrudisha mtu kwenye njia aliyokuwa ameshaiacha.

Wapo wanaotaka ukuta. Wanatolea mfano Mererani, uliokamilika mwaka 2018 kuzunguka machimbo ya tanzanaiti kwa kilomita zaidi ya 24. Ule unalinda mgodi. Rombo ni makazi ya watu, na ukuta hapo utapita kwenye migomba ya mtu na makaburi ya babu zake. Wapo pia wanaotaka ukaguzi mkali bila kusema wa nini, na hao wanatutia hofu zaidi, kwa kuwa tunajua unavyoishia: abiria wa Kisomali anashushwa basini, aliyevaa kanzu anapekuliwa mara mbili, lori la mtu mwenye nyaraka safi na shehena ya uongo linapita. Ukaguzi wa sura ni uvivu, na unawakasirisha walewale ambao taarifa zao tunazihitaji.

Fedha taslimu nazo ni kazi ya forodha. Anayevuka na dola 10,000 au zaidi anatakiwa kutoa tamko. Udhaifu katika kudhibiti fedha haramu na ufadhili wa ugaidi uliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuanzia Oktoba 2022, na haikutoka hadi Juni 2025. Kutoka kwenye orodha si ruhusa ya kulegea.

Tunachokitaka kinaweza kuandikwa kwenye taarifa ya mwaka ya Mamlaka ya Mapato, pembeni ya makusanyo: mizigo mingapi isiyo na ushuru ilikaguliwa kwa sababu za usalama, waagizaji wangapi wapya wa kemikali walifuatiliwa hadi kwenye maghala yao, vyeti rahisi vya uasili vingapi vilitolewa Holili na Tarakea. Idadi ya vyeti hivyo ikipanda, ofisa aliyeipandisha apongezwe kama aliyevuka lengo la mapato. Vilevile forodha ikae kikao na vijana wa bodaboda wa Tarakea na wanawake wanaokwenda soko la Taveta, kwa sharti kwamba anayeeleza alichokiona usiku hataulizwa alibeba nini. Kamati ya ulinzi na usalama ya Wilaya ya Rombo inaweza kukiitisha kikao hicho mwezi huu, bila kusubiri skana wala bajeti mpya.