Kompyuta ya Madrasa Imezeeka: Tununue Mpya au Tuitengeneze?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumbani kwake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Wiki mbili zilizopita tulizungumza katika safu hii juu ya daftari la matumizi ya nyumbani na namna mke na mume wanavyoweza kuliandika pamoja bila ya kugombana. Miongoni mwa barua zilizotufikia baada ya makala ile, imo moja iliyotutoa nyumbani ikatupeleka ofisini. Mwandishi wake ni mama anayefanya kazi ya ukatibu katika madrasa ya mtaani kwake, yenye watoto wapatao 200. Kazi zake zote hutegemea kompyuta moja ya mezani iliyonunuliwa miaka 11 iliyopita. Anasema huiwasha kabla ya kuswali Dhuha, na akishatoa salamu huikuta bado inazunguka.

Kamati ya madrasa imegawanyika. Wapo wanaotaka inunuliwe kompyuta mpya mara moja, kwa hoja ya heshima ya taasisi, na fedha zichukuliwe katika sanduku ambalo ndani yake mna zaka pia. Wapo wanaosema iachwe ilivyo, maadamu inawaka. Dada yetu ndiye anayeitumia kila siku, lakini anasema hadi anaandika barua ile hakuna aliyemuuliza neno. Tumeona jibu lake litawafaa wengi, kwani ofisi za misikiti, maduka ya familia na vikundi vya akina mama vina mashine za umri huo huo.

Kabla ya kuingia katika vyuma na nyaya, tueleze kwa nini jambo hili si dogo. Tunakijua kikundi kimoja cha akina mama cha kuweka akiba na kukopeshana bila ya riba. Hesabu zao zote zilikuwa ndani ya kompyuta moja kuukuu, na hapakuwa na nakala mahali pengine. Siku moja diski ikafa. Mama mmoja mjane, muuza maandazi, alikuwa ameweka kidogo kidogo kwa miaka miwili, na kadi yake ilikuwa imeharibika kwa mvua. Wenzake walimwamini, lakini hakuna aliyeweza kutaja kiasi. Mwishowe walikadiria, na kadirio lile likamwachia kila mmoja dukuduku: yeye akihisi amepunjwa, wenzake wakihisi wametoa zaidi. Walikuwa watu wema wote. Kilichokosekana ni maandishi.

Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa leo kalamu yetu ni kompyuta, basi kuitunza ni sehemu ya kutunza haki za watu. Kwa hiyo swali la kamati lisiwe tu kama mashine inawaka au haiwaki. Waulize pia: kumbukumbu za mayatima, ada na misaada zitakuwa salama kesho?

Jambo la kwanza, basi, lifanyike leo kabla ya fundi kugusa skrubu hata moja: nakala. Wajuzi wa kazi hii wanashauri mafaili muhimu yawe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae nje ya jengo. Kwa madrasa, nakala ya kwanza ni ile iliyo katika kompyuta, ya pili iwe katika diski ya nje inayofungiwa kabatini, na ya tatu katika hifadhi ya intaneti au katika flashi inayokaa nyumbani kwa mweka hazina. Kisha faili moja au mawili yafunguliwe kutoka katika nakala hizo, kuhakikisha kwamba yanasomeka.

Jambo la pili ni kujua ugonjwa kabla ya kununua dawa. Katika kompyuta inayotumia Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloonesha mashine inashughulika na nini. Tazama asilimia za prosesa, za RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, na za diski. Ikiwa diski imefika 100 ilhali wewe hujafungua kitu, tatizo kubwa liko kwenye diski. Ikiwa RAM imejaa kila unapofungua barua na kivinjari pamoja, basi RAM haitoshi. Prosesa ambayo muda mwingi iko chini haina kosa, na kuibadilisha ni kupoteza fedha.

Mara nyingi katika mashine za umri huo, mkosaji ni diski ya zamani inayozunguka. Ndani yake mna sahani zinazozungushwa na mkono mwembamba unaokwenda huku na huko kutafuta kila kipande cha taarifa. Diski ya kisasa ya SSD haina kitu kinachozunguka wala mkono wa kutafuta, ndiyo maana humjibu mtumiaji papo hapo. Kompyuta za mezani za wakati ule karibu zote zina tundu la SATA, na SSD ya inchi 2.5 hufungwa hapo bila ya shida. Kwa kazi za barua, hesabu na orodha za wanafunzi, ukubwa wa GB 240 unatosha. Fundi anaweza kuhamisha kila kitu kama kilivyo kutoka diski ya zamani, au kuweka mfumo upya na kurudisha mafaili. Sisi tunapendelea hili la pili, kwa kuwa huondoa pia takataka za miaka 11.

Baada ya SSD hufuata RAM. Mashine nyingi za miaka ile zilikuja na GB 4, na kuifikisha 8 huleta nafuu ya kuonekana. Hapa tahadhari tatu. Kwanza, RAM ya DDR3 haiingii katika tundu la DDR4 wala DDR4 haiingii katika la DDR3, hivyo chukua kipande kilichomo uende nacho dukani. Pili, fungua kasha uhakikishe lipo tundu tupu. Tatu, ikiwa Windows iliyowekwa ni ya biti 32, haitaweza kutumia zaidi ya GB 4 hata ukiongeza. Lazima iwekwe ya biti 64.

Yapo na matengenezo yasiyokaribia bei ya vitu hivyo. Vumbi lililojaa kwenye feni huizuia kupoza, na prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa vumbi kwa brashi laini na kipulizo, na mwambie fundi apake upya ute wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo chake. Dada yetu ametuandikia pia kwamba saa ya kompyuta hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatika, na mara mbili ametoa risiti za ada zenye tarehe ya mwaka uliokwisha pita. Hiyo ni betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, iliyo kwenye bodi kuu. Aina inayotumika sana ni CR2032. Bei yake ni ndogo mno, lakini bila ya hiyo risiti ya mzazi huwa ushahidi wenye dosari.

Sasa tufike kwenye mfumo endeshi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kurekebisha kasoro za usalama katika Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda maalumu. Windows 11 nayo, kwa masharti ya wenyewe, inahitaji kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa upande wa Intel Core, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Kompyuta ya miaka 11 haifiki hapo. Kwa hiyo SSD na RAM zitaipa mwendo, lakini hazitaipa sifa ya kupokea Windows 11, na muuzaji anayesema vinginevyo aulizwe kwa upole alete ushahidi.

Hata hivyo, njia haijafungwa. Ipo mifumo ya Linux, kama vile Ubuntu na Linux Mint, inayotolewa bure na wenyewe kwa ridhaa yao, pamoja na programu za LibreOffice za kuandikia barua na kupangia hesabu. Hufungua mafaili mengi ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa baadhi ya kurasa unaweza kubadilika kidogo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuujaribu mfumo huo kutoka kwenye flashi bila ya kufuta chochote. Jaribu printa, jaribu intaneti, fungua orodha ya wanafunzi. Ukiridhika, weka, usiporidhika, chomoa flashi na mashine itabaki kama ilivyokuwa. Wenye programu maalumu ya hesabu inayokubali Windows pekee wawe na hadhari kabla ya kuhama.

Tunalisema hili kwa sababu mafundi wengi huweka Windows iliyovunjwa kufuli, na wateja huipokea bila ya kuuliza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kwamba haki za watunzi na wagunduzi zinalindwa kisharia na haifai kuzivunja. Haipendezi watoto wafundishwe uaminifu darasani huku ofisi ikiendeshwa kwa kitu kilichochukuliwa bila ya idhini. Isitoshe, programu za namna hiyo ni njia mashuhuri ya kuingizia virusi.

Upo mpaka ambao ukivukwa, kutengeneza si busara tena. Ikiwa bodi kuu ina hitilafu, au mashine hujizima yenyewe hata baada ya kusafishwa, au gharama za vifaa vyote zinafika nusu ya bei ya kompyuta nzuri iliyotumika, afadhali kununua hiyo iliyotumika. Atakayekwenda kununua atazame namba ya prosesa: i5-8500 ni ya kizazi cha 8, na i5-4570 ni ya kizazi cha 4, hata kama makasha yao yanang'aa sawasawa. Baadhi ya kompyuta za mtumba hutoka nchi zenye umeme wa volti 110 hivi, na nyuma yake mna swichi ndogo ya kuchagua volti. Iwekwe kwenye 230 kabla ya kuchomekwa ukutani, vinginevyo mashine itaungua dakika ile ile. Na iwe ya zamani au iliyonunuliwa sasa, palipo na umeme wa kukatika katika, UPS ndogo ni kinga ya lazima.

Kuhusu diski itakayotolewa, isiuzwe wala isitupwe hivi hivi. Kufuta faili kwa kawaida hakuliondoi. Taarifa hubaki na huweza kurudishwa na mwenye ujuzi. Ndani ya diski ile mna majina ya mayatima, nani alisamehewa ada na nani alipewa msaada kwa siri. Siri za watu ni amana. Fundi aifute kwa programu ya kuandika juu yake upya diski nzima, au iharibiwe mbele ya mjumbe wa kamati.

Limebaki sanduku. Zaka ina mafungu nane yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, na kompyuta ya ofisi haionekani humo kwa dhahiri. Wapo wanazuoni waliopanua maana ya fungu la fii sabilillah, lakini hiyo ni mas-ala ya kuulizwa masheikh, si ya kuamuliwa na wajumbe kwa kupiga kura. Njia iliyo salama ni kutenganisha fedha kwanza, kisha matengenezo yalipiwe kwa ada au kwa mchango uliotolewa kwa ajili ya ofisi. Zichukuliwe bei katika maduka matatu, waende watu wawili, na risiti isomwe kikaoni. Aya za 26 na 27 za Suratul Israa zinazokemea ubadhirifu zinatuhusu hata tunapotumia kidogo.

Jibu letu kwa dada yetu katibu, kwa ufupi, ni hili: nakala leo, betri na usafi wiki hii, SSD kisha RAM kadiri ya uwezo, na Linux ijaribiwe kabla ya kufikiria mashine nyingine. Tunadhani kwa mpango huo kompyuta hiyo inaweza kuitumikia madrasa miaka kadhaa zaidi, inshaallah.

Na kwa mwenyekiti wa kamati yake, ambaye tunatumaini husoma ukurasa huu, tuna ombi moja. Kikao kijacho kikianza, kabla ya wajumbe kutoa maoni, mpeni katibu nafasi aeleze kwa dakika kumi mashine hiyo inamchelewesha wapi. Anayelala na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake.

Wabillahi tawfiq.