Bia za viwanda vidogo: Sifa kibao, mbona viwanda vinafungwa?

Mwaka 2024, viwanda vidogo vya bia vilivyofungwa Marekani vilikuwa vingi kuliko vilivyofunguliwa. Hali hiyo haikuwa imeonekana kwa karibu miaka 20, na imetokea kwenye nchi iliyozifanya bia hizo kuwa gumzo duniani.

Tatizo ni nini?

Zilianzia jikoni

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Marekani nzima ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100. Bia zilifanana: nyepesi, za baridi na za bei poa.

Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyofungua njia kwa watu kujipikia bia nyumbani. Baadhi yao wakanogewa na kugeuza kipaji kuwa biashara. Leo viwanda vimezidi 9,000, na wanywaji wanajadili harufu ya hopsi kama watu wa Ufaransa wanavyojadili mvinyo.

Mkwanja ukaingia

Kampuni kubwa hazikukaa kimya. Mwaka 2011 Anheuser-Busch InBev, wenye Budweiser, walikinunua kiwanda cha Goose Island cha Chicago kwa dola milioni 38.8. Baadaye bia zake kadhaa zikawa zinapikwa nje ya Chicago.

Je, hiyo bado ni bia ya kiwanda kidogo? Chama cha wapika bia wa Marekani kinasema hapana. Ili uhesabiwe, kampuni kubwa ya pombe isiyo ya kundi hilo isimiliki asilimia 25 au zaidi ya hisa zako.

Ila chama hichohicho kinaruhusu "kidogo" kuzalisha hadi mapipa milioni 6 kwa mwaka, yaani takriban lita milioni 700. Kwa hiyo ishu kubwa hapa ni mwenye mali, kuliko ukubwa wa pipa.

Funzo la Anchor

Anchor cha San Francisco kilianza 1896. Fritz Maytag alikiokoa mwaka 1965, na wengi wanakihesabu kuwa baba wa viwanda hivi. Mwaka 2017 kikanunuliwa na Sapporo ya Japani. Julai 2023 kikatangaza kufunga. Mwaka uliofuata, bilionea wa mtindi Hamdi Ulukaya akakinunua.

Watu walipanga foleni kununua chupa za mwisho. Wangekuwa wanazinunua hivyo kila wiki, huenda hadithi ingekuwa nyingine.

Kwingine wanafanyaje?

Uingereza, wanywaji wenyewe waliunda chama cha CAMRA mwaka 1971 kutetea bia ya asili ya pipa na baa zinazoiuza.

Ubelgiji, utamaduni wa bia uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016. Watawa wa Westvleteren wanapika kiasi cha kuitunza abasia yao tu, japo wateja wapo tele.

Marekani, mashabiki wengi huwinda ladha mpya kila wikendi. Leo kopo hili, kesho lile. Wakati huohuo makopo, kimea na pango vimepanda bei, na rafu za maduka zimejaa vinywaji vingine.

Sifa za mitandaoni hazilipi pango. Kinacholipa ni mteja wa mtaani anayerudi Jumanne jioni na kuagiza ileile.