Kipaza Sauti Si Kipimo cha Ujasiri wa Imani

Miongoni mwa Wakristo wengi wa Adumi, na wa Arua na Koboko kwa jumla, katika eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, imejengeka dhana ya kwamba Mkristo jasiri ni yule anayesikika: anayesimama sokoni akiwa na kipaza sauti mkononi, anayefunga spika juu ya paa la kanisa ili mkesha wa maombi usikike hadi kijiji cha pili, na ambaye hapandi basi bila kuwageuza abiria kuwa kusanyiko. Asiyefanya hivyo huhesabiwa kuwa vuguvugu, yaani mtu ambaye imani yake si moto wala si baridi, na huambiwa kwamba anamwonea haya Bwana wake. Dhana hiyo ni potofu, na madhara yake kwa kanisa la West Nile ni makubwa kuliko inavyofikiriwa, kwa sababu inachukua jambo lenye thamani kuu, yaani ujasiri wa kumshuhudia Kristo, na kulipima kwa mizani isiyo yake.

Kiswahili chenyewe kinatoa hoja ya kwanza. Neno shahidi, lililotoka katika Kiarabu, lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana: ni mtu anayesimama mahakamani kueleza alichokiona, na ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, kama wale vijana waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, ambao hukumbukwa kwa jina la Mashahidi wa Uganda. Katika maana zote mbili ukubwa wa sauti haumo. Hakimu hamwamini shahidi kwa kuwa amepiga kelele. Humsikiliza, kisha huacha upande wa pili umhoji, na ni katika kuhojiwa huko ushahidi hujulikana kama ni wa kweli au ni wa kupangwa. Mhubiri wa kipaza sauti hulikwepa jaribio hilo, kwa kuwa spika haiulizwi swali. Mama anayeuza mihogo sokoni akitaka kujua ni kwa nini Mungu aliyesifiwa tangu asubuhi hakumponya mtoto wake, hana mahali pa kuliweka swali lake, na jirani Mwislamu wa Koboko, ambaye pengine ni wa ukoo mmoja na mhubiri, akisikia dini yake ikibezwa hewani hana nafasi ya kujibu. Waraka wa Kwanza wa Petro, unapowaagiza waumini kuwa tayari kueleza tumaini lao, unasema juu ya kumjibu anayeuliza, na kumjibu kwa upole na heshima. Kwa maana hiyo ushuhuda unahitaji kuwapo kwa mtu wa pili ambaye ameona jambo katika maisha ya muumini na kutaka kujua chanzo chake.

Hoja ya pili inatoka katika kitabu cha Matendo ya Mitume, ambacho wahubiri wa sokoni hukitaja zaidi ya vitabu vingine vyote. Neno la Kiyunani linalotafsiriwa humo kuwa ujasiri ni parrhesia, ambalo kwa asili lina maana ya kusema yote bila kuficha, na aghalabu hutumika pale msemaji anapokuwa mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumdhuru. Petro na Yohana, watu wasio na elimu ya marabi, walistaajabiwa kwa ujasiri wao walipokuwa wamesimamishwa mbele ya baraza lililoweza kuwafunga na kuwapiga, na ambalo baadaye liliwafunga na kuwapiga kweli. Ujasiri wa namna hiyo una mwelekeo: humwendea mwenye nguvu. Kuwahubiria kwa ukali wachuuzi, watoto na wazee waliokaa kivulini, ambao hawawezi kumfanya mhubiri lolote, kunaweza kuwa wajibu mwema, lakini hakumgharimu mhubiri kitu, na kwa hiyo hakustahili jina la ujasiri.

Pingamizi moja ni zito na halifai kupitwa haraka. Wapo watakaosema kwamba Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa kiroho ulioanza miaka ya 1930 katika Rwanda na Uganda na kuzaa watu waitwao walokole, yaani waliookoka, ulienea kwa mahubiri ya wazi, njiani na masokoni. Na kwamba hapa hapa mpakani mwa Uganda na Kongo ulitokea uamsho ambao wafuasi wake waliitwa Wapiga Tarumbeta, kwa sababu walihubiri kwa vipaza sauti vya mkono vilivyofanana na tarumbeta. Hayo ni kweli, na haingekuwa haki kuwadharau watu wale. Hata hivyo ni lazima kuuliza ni nini hasa kiliwafanya waitwe majasiri. Mlokole wa kizazi kile alisimama mbele ya watu wanaomjua akaungama dhambi zake kwa kuzitaja, akarudisha alichoiba kwa mwajiri wake au kwa serikali, akamwomba radhi mke wake, na akawaambia wamisionari na makasisi, waliokuwa wakuu wake, kwamba wao nao walihitaji kutubu. Tarumbeta ilipopigwa wakati huo, walikuwapo wakuu wa kanisa walioudhika na walioweza kumtenga mpigaji. Leo anayefunga spika hupongezwa, huchangiwa mafuta ya jenereta, na huenda akapewa cheo. Waliorithi chombo cha wazee wao wamekiacha kile kilichokipa chombo hicho uzito, yaani toba iliyosemwa mbele ya watu na deni lililolipwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika mwaka 1977, mwaka ambao Kanisa la Anglikana nchini Uganda lilikuwa likitimiza miaka 100. Janani Luwum, Mwacholi aliyeokoka mwaka 1948 akiwa mwalimu wa shule na aliyekuwa Askofu Mkuu tangu 1974, pamoja na maaskofu wenzake, walimwandikia Rais Idi Amin barua kupinga mauaji na uonevu uliokuwa ukitendwa na vyombo vya dola. Silaha yao ilikuwa karatasi, na juu yake majina yao. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, silaha zilizodaiwa kukamatwa kwa waliopanga kumpindua Amin zikaonyeshwa hadharani, na askari waliokusanywa, walipoulizwa watuhumiwa wafanyiwe nini, wakapiga kelele kwamba wauawe. Jambo hilo linapaswa kukaa moyoni mwa kila anayedhani kwamba kelele ni dalili ya Roho: siku ile sauti kubwa ilikuwa ya askari, na Askofu Mkuu alikuwa kimya. Aliuawa siku hiyohiyo pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari, tangazo ambalo halikuaminiwa. Tangu 2015 tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa.

Aliyechukua nafasi ya Luwum alikuwa Silvanus Wani, Askofu wa Madi na West Nile, Mkakwa kama Amin mwenyewe. Watu wa Koboko, kwao Wakakwa, wanafahamu vizuri kuliko wengine uzito wa jambo hilo: kuketi katika kiti ambacho mtangulizi ameondolewa kwa risasi, huku muuaji akiwa mtu wa kabila lako, na huku baadhi ya waumini wakijiuliza moyoni uko upande wa nani. Wani aliliongoza kanisa katika hali hiyo, na baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 akaendelea kuliongoza hadi 1983. Ajabu ni kwamba mikutano mingi ya injili katika wilaya alikotoka hupita bila jina lake kutajwa.

Septemba 1977 Amin alipiga marufuku zaidi ya makundi 20 ya kidini, Wapentekoste wakiwamo, na waumini wao wakaendelea kukutana majumbani na vichakani kwa sauti ya chini. Imani iliyonong'onwa miaka ile ndiyo iliyozaa makanisa mengi ambayo leo yanajivunia spika. Na zamu ya West Nile kuteswa ilipofika, baada ya majeshi ya serikali iliyomfuata Amin kuingia kwa kisasi, maelfu ya watu walikimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, ambako tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwashambulia na kuua karibu watu 100. Kufungua lango la misheni kwa watu wanaowindwa, na kubaki nao, ni mahubiri. Kadhalika Kuluva, kusini mwa Arua, daktari Ted Williams na mkewe Muriel walianzisha hospitali katika miaka ya 1940, wakatibu wenye ukoma na watoto wenye uvimbe wa taya, saratani ambayo daktari mwenzake Denis Burkitt aliifuatilia katika safari ndefu ya mwaka 1961 akiwa na Williams. Wagonjwa wa Kuluva hawakuhitaji kuelezwa mara mbili kwamba daktari wao alimwamini Kristo kwa moyo wote.

Haya yote hayasemwi ili kumpa kisingizio yule anayeificha imani yake. Kosa la kunyamaza lipo, na ni kubwa: Mkristo anayefanya mema maisha yake yote bila kumtaja Kristo hata mara moja anawaacha jirani zake wakimsifu yeye. Ila neno na maisha havitenganishwi. Mfanyabiashara wa Adumi anayekataa magendo ya mpakani ilhali wenzake wanatajirika, na anayejaza debe sawasawa mnunuzi akiwa mgeni asiyejua bei, ataulizwa sababu, na akijibu waziwazi kwamba ni Kristo, jibu lake litasikika mbali kuliko spika yoyote. Mwanamke anayesimama mbele ya wazee wa ukoo kumtetea mjane anayenyang'anywa shamba na ndugu za marehemu mumewe, akijua kwamba kesho naye anaweza kuhitaji fadhila ya wazee haohao, ameonyesha parrhesia hata kama sauti yake ilitetemeka. Dhana ya kipaza sauti imewaambia watu kama hao kwamba kazi ya kushuhudia si yao, ni ya wenye kipaji cha jukwaani, nao wamekubali, wakarudi viti vya nyuma.

Makanisa ya Adumi yanayochanga fedha msimu huu kwa ajili ya spika mpya na yasimamishe mchango huo kwa mwezi mmoja. Katika mwezi huo wazee wa kanisa na wakae, wataje kwa jina mtu mwenye nguvu katika eneo lao ambaye kila mmoja anajua anachokitenda na hakuna anayethubutu kumwambia, kisha wachague miongoni mwao watakaokwenda nyumbani kwake, mchana, kwa miguu yao, wakamweleze habari za Kristo na za shamba la mjane.