Mgeni Mwenye Daftari



Siku moja nilikuwa Dar es Salaam, nikaenda Kariakoo kununua vitu vya kupeleka nyumbani. Jua lilikuwa kali, miguu imechoka, basi nikaomba kupumzika barazani kwa bibi mmoja ninayemfahamu, Mtaa wa Swahili. Nilimkuta ana mgeni, kijana kutoka Ulaya, daftari mkononi. Akatueleza kuwa digrii ya kwanza amekwisha kuipata, sasa anasomea ya pili, na somo lake ni siasa na desturi za nchi yetu.

Akamwuliza bibi: “Mama yako alijiunga na TANU mwaka gani, na alikuwa na cheo gani?”

Bibi akamtazama. “Mjukuu wangu, kaa kitako kwanza, unywe maji. Cheo mama yangu hakuwa nacho. Alikuwa na ngoma.”

Kijana akaandika neno moja, kisha akalikata. Alikuwa akitafuta habari za mikutano na kamati, naye bibi anamwambia habari za ngoma! Nikaona usoni mwake kwamba anadhani amepoteza asubuhi yake.

Kumbe bibi alikuwa amempa jibu lenyewe.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, karibu sana na pale, katika mtaa unaoitwa leo Lumumba. Mwaka uliofuata chama kilihitaji wanawake, na kazi hiyo akapewa Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1926, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Bibi Titi hakuanza na wenye vyeti. Aliwaendea wakubwa wa vikundi vya ngoma, kama vile lelemama. Maana vikundi vile vilikuwa na viongozi wao, watu wake walijua kuitana na kuchangiana, kusaidiana katika harusi na misiba, na walikuwa wa makabila mbalimbali wakisemezana kwa Kiswahili. Aliyemvuta kiongozi wa ngoma aliwavuta na wenzake wote. Katika miezi michache ya mwaka 1955 wanawake wapatao 5,000 waliandikishwa. Wengi wao shule waliisikia tu kwa jina.

Habari hii iliandikwa kwa kirefu na mgeni mwingine aliyekuja na daftari, Mmarekani Susan Geiger. Alisomea digrii yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatafiti siasa za Wachagga tangu mwaka 1916 hadi 1952. Miaka ikapita. Mwaka 1984 aliketi na Bibi Titi, na wanawake wengine wa TANU pia wakamsimulia maisha yao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997. Kabla yake vitabu vingi vilisimulia habari za wanaume waliosoma, kana kwamba wanawake walifundishwa siasa nao wakaitikia tu. Geiger alionyesha kwamba wanawake wale waliingia katika chama wakiwa na umoja wao tayari, nao wakakipa chama umoja huo.

Fikirini, ndugu zangu. Bibi Titi alifariki mwezi Novemba 2000. Kama asingepatikana mtu wa kuketi na kumsikiliza mapema, mengi yangezikwa pamoja naye. Tena Chuo Kikuu chenyewe kilianzia jirani pale pale: mwaka 1961 kilifunguliwa katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, ndipo mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Elimu ilikaa hatua chache tu kutoka kwenye mabaraza ya bibi zetu, lakini masimulizi yao yalikawia kuandikwa.

Lipo na jambo moja la kusikitisha. Kitabu kile kilitoka kwa Kiingereza. Wengi wa wale waliotoa maneno yao wasingeweza kukisoma. Ndiyo maana watu wengine hunung'unika wamwonapo mgeni mwenye daftari, wakisema, “Huyu atachukua yetu aende zake.” Manung'uniko hayo yana haki yake, lakini kumfukuza mgeni si dawa.

Basi mgeni wa namna hii akifika kijijini kwenu, fanyeni hivi. Mkaribisheni, kisha mwombeni awaonyeshe kibali chake, maana mtafiti kutoka nje hupaswa kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwulizeni maneno yenu yatakwenda wapi. Asiyetaka jina lake liandikwe aseme wazi, na asiyetaka kunaswa sauti akatae bila woga. Mwombeni arudishe nakala ya yale aliyoyaandika. Wala msimwambie yale tu mnayodhani anataka kuyasikia, kwa kuwa uongo ukiingia kitabuni huishi kuliko sisi.

Na wewe mzazi ambaye mwanao amepelekwa ng'ambo kusoma mambo ya wenzetu, mwandikie neno la yule bibi: kaa kitako kwanza. Siasa ya watu haikai katika maofisi peke yake. Imo pia jikoni, sokoni, harusini na msibani. Mwenye haraka hupata tarehe na majina, akakosa watu wenyewe.

Yule kijana wa Kariakoo? Alifunga daftari. Bibi akamsogezea ungo wa mchele, wakaanza kuchambua pamoja, pole pole. Baada ya muda bibi akaanza kueleza sare za kikundi cha mama yake, rangi zake, na jinsi yeye, mtoto wa miaka kama kumi, alivyobebeshwa kapu la kanga siku ya ngoma. Kijana hakuuliza kitu. Alisikiliza tu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona siku ile, maana bibi yule nimemfahamu miaka mingi, wala sikuwahi kumwuliza habari za mama yake. Ilinibidi nisubiri mtu atoke Ulaya.

Je, nyumbani kwako daftari la shule lenye kurasa tupu halipo? Na bibi yupo?