Sinki Lililoziba ni Somo la Sayansi

Katika shule na nyumba za Ngara na Biharamulo zilizobahatika kupata maji ya bomba, sinki la jikoni likiziba hutafutwa fundi. Pengine fundi yuko mbali, na siku zote za kumngojea maji machafu hutuama na inzi hukusanyika. Jambo hili linasikitisha, kwa kuwa mwanafunzi aliyejifunza kanieneo ya vimiminika anayo maarifa ya kutosha kulizibua mwenyewe.

Chini ya sinki bomba hupindwa mfano wa herufi U. Maji yanayobaki katika pindo hilo huzuia hewa chafu ya shimoni isipande jikoni. Wazo hilo Alexander Cumming, mtengeneza saa, alilisajili London mwaka 1775 kwa ajili ya choo cha maji, akitumia pindo la mfano wa S. Lakini pindo linalozuia harufu hunasa taka pia. Mafuta ya mawese na ya ng'ombe, yaliyo maji ndani ya sufuria ya moto, huganda yafikapo katika bomba lililopoa, yakashika makombo ya ugali, maganda ya maharage na mchanga wa kusugulia vyombo.

Kwanza, sinki litiwe maji ya kufunika kikombe cha mpira chenye mpini. Tundu la juu la kupunguzia maji lizibwe kwa kitambaa kilicholowa, kisha mpini usukumwe na kuvutwa kwa nguvu mara kadhaa. Tundu lisipozibwa, kanieneo hutorokea huko; hapo kanuni ya Pascal huonekana kwa macho. Ikishindikana, ndoo iwekwe chini ya pindo, nati zifunguliwe, taka zitolewe kwa waya. Pindo lioshwe ndani ya ndoo, wala si katika sinki lile lile!

Wako wanaokimbilia kostiki. Ni kweli kwamba hugeuza mafuta kuwa sabuni, lakini huunguza ngozi na huweza kupofusha macho. Na atakayefungua pindo baadaye atakutana nayo. Hatari nyingine ni kuchanganya dawa ya kung'arishia nguo na asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Mkono na mpira vitangulie.

Baadhi ya walimu watasema kwamba kazi hii hupunguza muda wa kujitayarisha kwa mtihani. Sivyo. Kipindi kimoja mbele ya sinki hufundisha kanieneo, kuganda kwa mafuta na usafi kwa pamoja. Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 haikukusudia jembe peke yake. Spana nayo ni chombo cha kujitegemea. Fundi aitwe bomba likipasuka ardhini.

Na kinga ni rahisi zaidi: sufuria ifutwe mafuta kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiyefuta sufuria leo, kesho atafungua bomba.