Upole wa Yesu Si Woga Wetu



Kuna methali ambayo watu wetu huitamka kana kwamba imo katika Injili: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nimeisikia katika vikao vya Halmashauri ya Walei, nimeisikia katika Jumuiya Ndogo Ndogo na, nasema hili kwa aibu, nimeisikia mezani pa mapadre. Kila inapotamkwa, ujue kuna jambo la haki linaloahirishwa. Mjane hatasindikizwa kwenye baraza la ardhi. Hesabu za mfuko wa maji hazitaulizwa. Barua iliyokwisha kuandikwa haitatiwa sahihi. Kisha tunasali, tunaagana, na kila mmoja anarudi nyumbani na kicheko chake.

Kama methali hiyo ndiyo hekima yote ya maisha, basi nyumba ya Maria wa Nazareti ilikuwa nyumba ya mpumbavu, maana siku ya Ijumaa Kuu kilio kilikwenda huko. Yatupasa kuchagua: ama methali itawale, ama msalaba. Mkristo hawezi kuvaa msalaba shingoni na kuishi kwa methali.

1. Yesu tuliyejichongea

Tumejichongea Yesu wa kutufaa. Ana mikono laini, macho yake yanatazama juu, na hana neno na mtu. Tukiulizwa kwa nini tulinyamaza kijana wa jirani alipobambikiwa kesi, tunajibu kwamba Bwana wetu alikuwa mpole. Ni kweli, mwenyewe alijiita hivyo. Lakini je, tumewahi kujiuliza upole katika Maandiko Matakatifu maana yake nini? Kitabu cha Hesabu, sura ya 12, kinamsifu Musa kuwa mpole kuliko watu wote waliokuwa duniani. Huyo mpole ndiye aliyesimama mbele ya Farao, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi, akidai watu waachiliwe. Kwa hiyo mpole wa Biblia ni mtu asiyejipigania nafsi yake, wala si mtu asiyempigania yeyote. Sisi tumegeuza mambo: mtu akitugusa heshima yetu tunanguruma kama simba, mnyonge akidhulumiwa ndipo tunakumbuka upole.

2. Ukimya uliomkasirisha Bwana

Soma Injili ya Marko, sura ya 3, aya sita za mwanzo. Ni siku ya Sabato, ndani ya sinagogi, na yupo mtu mwenye mkono uliopooza. Wapo pia watu wanaomvizia Yesu wapate la kumshtaki. Mtu mwenye busara ya kwetu angefanya nini? Angesubiri jioni. Sabato ingekwisha jua likizama, na mkono uliopooza hauui mtu kwa saa chache. Au angemwita yule mgonjwa nyuma ya nyumba, amponye kimyakimya, funika kombe mwanaharamu apite.

Yesu hakufanya hivyo. Alimwambia yule mtu asimame katikati, mbele ya wote. Kisha akawauliza wale wakubwa swali lililo wazi: je, ni halali siku ya Sabato kutenda mema au mabaya, kuokoa uhai au kuua? Nao wakanyamaza. Hapo ndipo Marko anapotuambia kwamba Yesu aliwatazama kwa hasira, huku akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Angalia vema, ndugu msomaji: kilichomkasirisha pale si matusi, wala si mawe. Ni ukimya wa watu waliojua jibu.

Wako wanaosema dini isichanganywe na siasa. Nawaomba wasome aya ya sita. Mafarisayo, watu wa dini, walitoka nje wakafanya shauri na Waherode, watu wa utawala, jinsi ya kumwangamiza. Kumbe dini na siasa zilichanganyika upesi sana zilipohitajika kumnyamazisha mtu wa haki! Ubaya unaonekana tu pale zinapokutana ili kumwinua mtu mwenye mkono uliopooza. Na nani katika viongozi wetu amewahi kulalamika kwamba dini imechanganywa na siasa anapoalikwa kuwa mgeni rasmi kanisani, akapewa kipaza sauti na makofi?

3. Ujasiri si kutokuwa na hofu

Msidhani nawaita muwe watu wa fujo. Yesu hakuwa mtu wa kutafuta kifo. Mara kadhaa alijiepusha na waliotaka kumkamata, kama Yohane anavyosimulia katika sura ya 7 na ya 10. Alijua saa ya kuondoka na saa ya kubaki. Wala hakukosa hofu: kule Getsemani alifadhaika, akahuzunika sana, akaomba kikombe kile kimwondokee. Ujasiri wake ulikuwa huu, kwamba hofu haikupewa ruhusa ya kuamua. Alipofikiwa na walinzi, jambo alilolidai ni kwamba wanafunzi wake waachwe waende zao. Petro alipochomoa upanga, aliamriwa aurudishe alani. Na alipopigwa kofi mbele ya Anasi, hakurudisha kofi, lakini hakunyamaza pia: alimtaka mpigaji aonyeshe kosa liko wapi, na kama hakuna, aeleze kwa nini amempiga. Hiyo ndiyo njia ya Mkristo. Mkono haurudishi pigo, na kinywa hakihalalishi dhuluma.

Mtazameni sasa Pilato. Alikuwa na askari, alikuwa na cheo, na alijua fika kwamba mtu aliye mbele yake hana hatia. Akatishiwa neno moja tu, kwamba ataonekana si rafiki wa Kaisari, akaiachia damu imwagike ili alinde kiti. Katika ukumbi ule mtu aliyefungwa ndiye aliyekuwa huru, na mwenye funguo ndiye aliyekuwa mfungwa. Pilato wa namna hiyo tunao wengi maofisini mwetu, na baadhi yao wanapokea Komunyo.

4. Waliomfuata katika nchi zetu

Tusiseme mambo haya ni ya zamani za mitume. Tarehe 8 Machi 1992 maaskofu Wakatoliki wa Malawi waliagiza barua yao ya Kwaresima isomwe katika makanisa yao yote. Nchi ilikuwa chini ya chama kimoja na Rais wa maisha, Kamuzu Banda, na watu walizoea kunong'ona hata majumbani mwao. Barua ilitaja wazi pengo kati ya matajiri na maskini, hali ya shule na hospitali, na ukosefu wa uhuru wa kusema. Maaskofu walihojiwa na polisi. Monsinyori John Roche, mmoja wa waliotia sahihi, alifukuzwa nchini. Lakini Juni 1993 wananchi walipiga kura wakachagua vyama vingi, na mwaka 1994 Banda akashindwa katika uchaguzi. Barua haikuwa na bunduki. Ilikuwa na ukweli, na sahihi chini yake.

Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, nchini Burundi, wenye silaha waliingia bwenini wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Vijana wakakataa. Arobaini kati yao waliuawa. Hawakuwa na shahada ya teolojia, walikuwa wanafunzi. Walijua jambo moja ambalo watu wazima wengi wa Maziwa Makuu walikuwa wamelisahau, kwamba waliokula Mwili mmoja hawawezi kupangwa kwa makabila.

Na ili mlei asiseme ujasiri ni kazi ya mapadre na waseminari, namtaja Floribert Bwana Chui wa Goma. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia Kongo kupitia mpakani. Aliletewa rushwa ili apitishe chakula kilichoharibika, ambacho kingeliwa na maskini wa mji wake. Akakataa. Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26, alitekwa na kuuawa. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri. Je, tunaelewa maana yake? Kanisa limeweka juu ya altare mtu aliyekataa rushwa kazini. Basi asitokee tena mtumishi wa umma wa kuniambia kwamba utakatifu ni wa watawa, na kwamba ofisini kuna utaratibu mwingine.

5. Ungamo langu

Sina haki ya kuwaandikia haya bila kujitaja mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja niliyoihudumia, mjane alinijia jioni. Shamba aliloachiwa na marehemu mumewe lilikuwa likimegwa na mtu mwenye uwezo, mtu aliyetutolea mabati ya kanisa. Aliniambia: "Padre, sikuombi fedha. Naomba uje ukae tu pale barazani, waone kwamba nina watu." Nikamjibu: "Mama, tuombe Mungu." Siku ya baraza nilijipatia safari ya kigangoni. Shamba likaenda. Jumapili iliyofuata yule mama alikuja Misani kama kawaida, akaketi chini ya mabati yale yale, akapokea Komunyo mkononi mwangu. Hakunilaumu hata kidogo. Tangu siku hiyo naijua sauti ya jogoo wa Petro.

Nilijitetea kwamba sikumdhulumu mimi. La hasha! Wale wa sinagogini nao hawakuupooza mkono wa mtu yule. Walinyamaza tu.

6. Visingizio viwili

Wengine hushika barua ya Paulo kwa Warumi, sura ya 13, inayohimiza kutii mamlaka. Vema, tuisome, lakini tumtazame na Paulo mwenyewe. Matendo ya Mitume, sura ya 16, yatuambia kwamba kule Filipi alipigwa na kufungwa bila hukumu, kisha wakubwa wakataka atoke kimyakimya. Alikataa. Alidai waje wenyewe wamtoe, kwa kuwa walivunja sheria. Kutii mamlaka si kuyafunikia mamlaka makosa yake. Anayeidai sheria ifuatwe ndiye anayeiheshimu.

Wengine husema: sisi ni wadogo, tutafanya nini? Nikodemo alianza kwa kuja usiku. Yosefu wa Arimataya alikuwa mfuasi wa siri kwa kuogopa watu. Ila siku ile mbaya kuliko zote, mitume walipokuwa wamekimbia, hao wawili ndio waliojitokeza kuuzika mwili wa Bwana. Mungu hadharau ujasiri unaochelewa. Anachongoja ni kwamba siku moja tutoke gizani.

Yule mjane hakuomba mapinduzi. Aliomba mtu wa kuketi kando yake. Tuanzie hapo. Jumuiya isimwache mwanajumuiya aende barazani peke yake. Mabati yapokelewe kwa mikono inayouliza yametoka wapi. Na sisi mapadre tuache kutumia sala kama mlango wa kutokea.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Ni nani kati yetu leo ana mkono uliopooza, naye hajaitwa kusimama katikati?
2. Ni jambo gani sote tunalijua, na tunalinyamazia?
3. Baraza lijalo la kijiji au la mtaa, nani atamsindikiza nani? Mtaje kwa jina kabla hamjaagana.